Watu 43, laki tatu na nusu, na Krismasi ya kwanza ukweni

Swali la msomaji:

"Dada habari za kazi. Mimi natokea Muheza, nakaa Dar, nimeolewa Uchagani mwezi wa tano mwaka huu. Krismasi hii naenda Kibosho mara ya kwanza kama mke wa mtu. Mume wangu anasema nyumbani kwao wako kama ishirini hivi, ila wifi yangu aliponitajia kwenye simu nikaandika, wamefika 43. Nina laki tatu na nusu ya zawadi, nauli iko pembeni. Nikigawa kwa kichwa inakuja elfu nane na kidogo, sasa elfu nane kwa mtoto wa miaka mitatu ni nyingi na kwa mama mkwe naona kama namtukana. Nifanyeje dada yangu, sitaki nionekane mkono wa birika siku ya kwanza tu."

Jibu:

Mdogo wangu, hongera ya ndoa kwanza. Na hongera ya kumpigia wifi simu, maana wanaume wakihesabu ndugu zao wanahesabu wale wanaowakumbuka, "tuko kama ishirini" ya mume wangu mimi mwaka wa kwanza ilikuwa watu 37 na bibi mmoja ambaye hakunitajia kabisa kwa sababu eti "yule anakaa kule juu". Nimeuza khanga na vitenge Kariakoo miaka 16, sasa hivi nakaa na akina mama wa vikoba tunapiga hesabu za nyumbani, na mimi ni Mpare wa Usangi kwahiyo utani wa ubahili nimeuzoea, ila niamini, laki tatu na nusu kwa watu 43 inatosha na chenji inabaki.

Kosa lako ni moja tu, umegawa kwa kichwa. Ukweni hawahesabu vichwa mdogo wangu, wanahesabu milango. Baba mdogo na mke wake na watoto wao wanne sio watu sita, ni nyumba moja, na ukiipelekea ile nyumba kitu kimoja cha maana kinachoingia jikoni hakuna atakayesema hajapata. Mrudie wifi yako leo umuulize hivi: hao 43 wanatoka nyumba ngapi? Nakuhakikishia hazizidi 11 au 12. Halafu muulize watoto wa shule ni wangapi na wako madarasa gani. Mimi hapa nachukulia nyumba 11 na watoto 19, wewe utarekebisha.

Nje ya milango kuna watu wachache ambao lazima wapewe kwa jina lao, mkononi: bibi, mama mkwe, baba mkwe, wale baba wakubwa wawili watatu, na mmoja ambaye nitamtaja baadaye maana wote huwa wanamsahau.

Tuanze na bibi na mama mkwe, hapo ndio nina maneno mengi kwa sababu ndio kazi iliyonilisha. Khanga. Doti moja nzuri ya pamba mwaka jana nilinunua kwa elfu 12, na ukienda mtaa wa Uhuru ukaingia maduka matatu manne kabla hujatoa hela utaipata humo humo. Shika kitambaa, kinyooshe kwenye mwanga, halafu dondoshea maji kidogo kwenye kona (wauzaji wanajua, hawakasiriki, wakikasirika toka): pamba inakunywa maji hapo hapo, polista tone linakaa juu kama umande. Bibi hataki polista. Bibi khanga anajifunga, anajitanda, anambebea kitukuu, anakunjia kichwani aweke ndoo, na hiyo ya polista inateleza kila saa. Angalia na pindo limeenda sawa pande zote nne, lisiwe limekatwa upande mmoja nene upande mmoja nyembamba, maana ukiikata na kupinda ndio unagundua umeuziwa reject.

Na soma jina! Soma jina mdogo wangu, kwa sauti, palepale dukani. Mimi muuza khanga mzima mwaka fulani nilikuwa na haraka ya basi nikabeba doti ya rangi nzuri ya maembe nikampa wifi yangu mbele za watu, akaikunjua, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Nyumba nzima kimya. Nilijieleza mpaka koo likakauka, eti nilipenda rangi, nani atamwamini muuza khanga kwamba hakusoma jina? Alinisalimia kwa kichwa tu miaka miwili. Kwahiyo kwa mama mkwe tafuta zile za salama, NANI KAMA MAMA, au WAZAZI NI DHAHABU KUWATUNZA NI THAWABU, hizo hazijawahi kugombanisha mtu. Ya bibi hata SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU ni nzuri. Ukikutana na yoyote yenye neno jirani, hasidi, simba, nyota ya mwenzio, au kusema sema, irudishe kwenye rafu hata kama inang'aa vipi.

Ila kabla hujanunua hiyo ya bibi muulize wifi swali moja zaidi: bibi ana khanga ngapi? Nina sababu. Bibi yangu Usangi alinituma siku moja nimtolee shuka kwenye sanduku, lile la bati la zamani lenye kufuli, nikafungua, harufu ya dawa ya nondo ikanipiga usoni, chini ya shuka nikakuta doti 14. Zimekunjwa, karatasi ya dukani bado ipo kwenye nyingine, hazijakatwa, yaani vipande viwili bado vimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Kila mjukuu kila Desemba anamletea bibi khanga, na bibi anashukuru anapiga vigelegele anaweka sandukuni. Nikamgeukia pale kitandani alipokaa, nikakaa na mimi pembeni yake, nikasikia mbao za kitanda. Godoro limeisha. Limekuwa kama chapati. Wajukuu 14 wa khanga na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kile kitanda.

Mwaka ule ule tulichanga watu 9 kwenye grupu la familia, elfu 15 kila mmoja, akanunuliwa godoro Mwanga mjini likapandishwa na gari la mchanga. Na ndio maana nakwambia muulize. Kama bibi wa Kibosho sanduku limejaa, basi elfu 12 yako iongeze kwenye mchango wa wajukuu wenzako, na kama mchango haupo uanzishe wewe kwa upole kupitia wifi, isiwe wewe mgeni ndio unatangaza kwamba bibi anateseka wakati watoto wake wapo. Hapo utatengeneza kesi.

Wazee wa kiume. Wengi wanakimbilia mashati na mashati ni pata potea, saizi hujui, rangi hujui. Nunua sweta. Najua unasema Desemba sio baridi, lakini wewe umezoea joto la Muheza na Dar, subiri ulale Kibosho usiku mmoja utaniambia, na mwezi wa sita wa saba mzee atakuwa anaivaa kila asubuhi akienda kuangalia migomba huku anasema mke wa fulani ndio aliniletea. Halafu sweta nzuri za mitumba ziko Dar kuliko unavyodhani, maana Dar nani anavaa sweta? Nenda Karume asubuhi wakifungua mabelo, sweta ambayo wenyewe huko baridini wanaigombania wewe huku muuzaji anataka tu iondoke. Tatu kwa elfu nane nane, elfu 24, fua, piga pasi, kunja vizuri kwenye mfuko wa karatasi. Zawadi ya mtumba sio aibu, aibu ni kuipeleka na harufu ya belo.

Sasa milango 11, na hapa watu ndio wanapotupa hela. Wanabeba sukari kutoka Dar! Mdogo wangu, sukari inatengenezwa Moshi, kiwanda cha TPC kiko palepale chini ya mlima mashamba ya miwa yamezunguka, wewe unabeba kilo 22 kwenye basi kutoka Dar kilomita zaidi ya 500 unamlipa kondakta hela ya mzigo ili uipeleke ilikotoka. Mchele the same, tambarare ya Moshi wanalima mpunga wa kumwagilia. Mafuta ya kula yatakumwagikia kwenye nguo. Vitu vizito vyote nunua Moshi mjini siku unafika, pale Mbuyuni maduka ya jumla yapo, mwambie mwenye duka unachukua kilo 22 kwa mpigo na miche 11 ya sabuni na majani ya chai pakiti 11, atakushushia hata mia mia, halafu unakodi Noah na wenzako mnapandisha.

Kila nyumba: sukari kilo mbili, mche mmoja wa sabuni, pakiti ndogo ya majani ya chai. Mimi nakadiria elfu kumi na mia tano kwa nyumba, nyumba 11 inakuwa 115,500. Bei ya sukari ndio ya kuchunga, unakumbuka mwanzoni mwa 2024 mvua ziliponyesha viwanda vikasimama kilo ikaruka mpaka elfu nne na kuendelea, kwahiyo uliza bei wiki moja kabla, ikiwa imepanda fanya kilo moja na nusu, hakuna anayebeba mizani ukweni.

Lakini sukari na sabuni kila mtu anapeleka. Chako wewe kiko Muheza na wala hukukiona. Umetoka kwenye viungo! Iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu, vyote vinashuka kutoka Amani kule milimani, kwenu mama yako ananunua kwa mkulima kwa bei ambayo mtu wa Dar akiisikia analia. Mpigie mama, mtumie elfu 20 na ya kutolea, akuchanganyie viungo vya chai na vya pilau, akaushe vizuri juani (visifungwe na unyevu, vitaota ukungu njiani), halafu ampe kaka yako avilete Segera siku mnapita, mabasi ya Moshi yote yanapita hapo na mengi yanasimama watu wale. Ukifika unafunga vifurushi 11 vidogo kwenye karatasi au vimifuko, unaweka juu ya kila fungu la sukari. Uzito wake hata kilo tatu hazifiki. Na ile harufu ikifunguliwa jikoni kila mtu atauliza huyu mke ametokea wapi, hapo tayari umejitambulisha kwao bila kusema neno. Kama mama ana nguvu mwambie aongeze nazi kumi zilizofuliwa, ukawapikie wali wa nazi tarehe 26 wakiwa wamechoka nyama. Wewe mtu wa Tanga, wali wa nazi hauwezi kukushinda.

Watoto 19. Usinunue midoli, nakuomba. Mwaka mmoja nilinunua vigari 16 vya plastiki vya kuvuta na kuachia, viwili vilifika tairi zimetoka, vingine vilikuwa vyekundu na vingine bluu, na kufika saa kumi jioni kulikuwa na vilio pande zote za nyumba kwa sababu wa bluu wanataka nyekundu. Shule zinafunguliwa Januari. Mzazi yeyote ukimletea mtoto wake madaftari mwezi wa kumi na mbili atakuombea dua. Nunua kwa dazeni, na kwa mtoto wa msingi fanya madaftari matano, kalamu mbili na penseli moja, wa sekondari kaunta buku moja kubwa na kalamu, unakuta kila mtoto ni kama elfu tatu, jumla elfu 57. Yote jalada la aina moja, rangi moja, usiniulize tena kwanini. Sasa ukweli ni kwamba mtoto hafurahii daftari siku ya Krismasi, atakuamkia atasema asante anti halafu atakaa anaangalia mfuko kama kuna kingine, kwahiyo dukani humo humo chukua pakiti moja ya maputo yale mia na pakiti kubwa mbili za pipi. Maputo yanamaliza kila kitu. Ile asubuhi wote watakuwa wa kwako, mpaka yale ya mwisho yapasuke.

Nguo za sikukuu za watoto wa watu usijaribu, hiyo ni kazi ya wazazi wao na ukivalisha wawili umeacha 17.

Yule nilisema nitamtaja. Kwa Wachaga mara nyingi kitinda mimba wa kiume ndiye anabaki nyumbani na wazazi, na mke wake ndiye anayekaa pale mwaka mzima, anamwogesha bibi, analisha ng'ombe, na Desemba nyie mkishuka na mabegi yenye magurudumu yeye ndio anapika kwa sufuria la watu 43, anaosha, analala wa mwisho. Zawadi zote zinampita zinaenda sebuleni. Mnunulie dera zuri, elfu 15 unapata, mpe jikoni mkiwa wawili, halafu ujifunge khanga uoshe naye vyombo. Huyo mwanamke ndiye atakayekwambia nani hali nini, nani hasemeshani na nani, mama mkwe akikaa kimya ana maana gani. Mimi wangu alinifundisha nyumba yote kwa siku tatu.

Sasa mchango wa sikukuu yenyewe, huo wengi wanausahau kuuweka kwenye hesabu halafu unawakuta palepale, mara mbuzi, mara mbege, mara soda. Tenga elfu 50 na mpe mume wako akabidhi kwa kaka zake yeye mwenyewe, hiyo hela isitoke mkononi mwako. Wakisema nyie mlete soda, kubali haraka, kreti ina chupa 24 na mnajua kabisa mmetoa kiasi gani, ila uliza matupu yapo? Bila chupa tupu na kreti yake duka litataka dhamana na hiyo inaweza kukaribia hela ya soda zenyewe, na baada ya sikukuu matupu yametawanyika migombani hakuna anayeyarudisha.

Tujumlishe. Khanga mbili 24,000, dera 15,000, sweta 24,000, hapo 63,000. Nyumba 11 ni 115,500. Viungo 20,000. Watoto 57,000. Mchango 50,000. Inakuja 305,500, unabaki na 44,500. Usiiguse! Maputo na pipi toa humo, na kinachobaki kinaitwa mlango wa kumi na mbili, maana atatokea tu mtu, shangazi aliyekuwa hasemeshani na familia amerudi, jirani aliyemlea mume wako, mzee wa kanisa. Beba na khanga moja ya ziada kwenye begi hata ya elfu tisa, na uvunje hela Dar upate noti za elfu mbili mbili safi, ukimsalimia mzee unamwachia mkononi. Noti mpya ya elfu mbili inaheshimika kuliko noti ya elfu tano iliyochoka, sijui kwanini ila ndivyo ilivyo.

Bei hizi ni nilizolipa mimi msimu uliopita, zako zitacheza juu chini, ila kama unaweza maliza manunuzi ya Kariakoo kabla ya tarehe 5 Desemba. Baada ya hapo nusu ya Dar inajiandaa kupanda basi kwenda kaskazini na muuzaji anakuangalia usoni anajua huna pa kwenda. Tiketi ndio kabisa, kama hujakata mpaka sasa acha kusoma hapa ukakate.

Namna ya kutoa. Usifungue begi uwanjani siku unafika, utagawa kwa fujo na utamruka mtu. Ingia, salimia, kunywa chai, mwambie wifi yako mkubwa au huyo mke wa shemeji kwamba una mzigo, muulize utaratibu wa pale ukoje. Bibi kwanza, kwa mikono miwili, umepiga goti kidogo. Halafu mama mkwe na baba. Mafungu ya nyumba usiyapeleke kwa jina la wanaume, mkabidhi mama wa kila nyumba, na mengine yasiyo na watu siku hiyo yaache kwa mama mkwe ayagawe yeye, atapenda. Madaftari mpe kila mama ya watoto wake, maputo ndio uwape watoto wenyewe.

Ya mwaka kesho tutaongea, lakini kwa ufupi: elfu saba kila wiki kwenye kikoba kuanzia Januari, wiki 50 ni 350,000 kamili, Desemba hukopi mtu.

Niandikie ukirudi. Nataka kujua sanduku la bibi lilikuwa na doti ngapi.